Usiitupe redio iliyokuja na gari: majibu kwa wasomaji wa Tukuyu, Iringa, Njombe na Mbeya

Safari hii maswali mengi yametoka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini na karibu yote yana maneno yale yale, "fundi kaniambia redio imekufa, ninunue ya Kichina". Hili jambo linaniuma kweli. Redio zilizofungwa kiwandani kwenye hizi Toyota za miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000 zilitengenezwa kwa uangalifu mkubwa, na ninazoletewa zikiwa "zimekufa" nyingi zinakuwa nzima, kilichokufa ni moto (umeme), ethi (waya unaofungwa kwenye bodi ya gari), antena au waya za spika. Kwa hiyo kabla hujatoa hela yako soma kwanza, hasa jibu la mwalimu wa Tukuyu ambalo nimeliandika kwa kirefu kwasababu linawahusu wengi.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nipo Tukuyu, nina Corolla 110 ya 1998 na redio yake ni ile ile ya kiwandani. Nikiwasha gari inaimba vizuri tu ila nikizima na kutoa funguo, nikirudi stesheni zote nilizoweka zimepotea na saa inaanza upya 1:00. Hata taa ya ndani kule juu haiwaki siku nyingi ila hiyo hainisumbui. Fundi wa hapa anasema saketi ya redio imeungua. Nibadilishe?

Marahaba mwalimu. Usibadilishe kitu, na hiyo taa isiyokusumbua ndo imenipa jibu.

Redio ya gari inapokea moto kwa waya mbili. Waya wa kwanza una moto muda wote hata funguo ikiwa mfukoni kwako, huo ndo unashika kumbukumbu za stesheni na saa, wa pili unapata moto ukizungusha funguo mpaka ACC, ile hatua ya kabla ya kuwasha injini, na kazi yake ni kuiambia redio iwake. Sasa kwenye Toyota nyingi ule moto wa muda wote unapita kwenye fyuzi iliyoandikwa DOME, na fyuzi hiyo hiyo ndo inalisha taa ya juu, kwa hiyo taa ikizimika na redio ikaanza kusahau kwa pamoja, hapo usiguse redio, fungua boneti uangalie boksi la fyuzi karibu na betri. Kwenye kifuniko pameandikwa kila fyuzi na ukubwa wake.

Ila kuna jambo la pili na hapa naomba unisome vizuri. Moto wa muda wote ukikatika kabisa redio nyingi haziwaki hata kidogo, yako inaimba, kwa hiyo nina hakika kubwa kuna mtu aliyepita hapo zamani, akakuta redio haiwaki, badala ya kutafuta fyuzi akachukua zile waya mbili akazifunga pamoja kwenye ACC. Redio ikaimba, mteja akafurahi, kumbukumbu ikapotea. Hii ipo sana, sana. Mwambie fundi aichomoe redio aangalie nyuma kwenye plagi kubwa ya pini 10. Kwenye Toyota nyingi waya wa bluu wenye mstari wa njano ndo moto wa muda wote, kijivu ni ACC, na kahawia ni ethi. Akiona bluu-njano imekatwa na kufungwa na kijivu kwa tepu nyeusi basi mmempata mwizi wenu. Kwanza aweke fyuzi mpya ya ukubwa ule ule ulioandikwa, usikubali aweke kubwa zaidi wala waya wa shaba, afu apime kwa testa funguo ikiwa imetolewa, bluu-njano inayotoka upande wa gari lazima iwashe testa. Ikiwasha azitenganishe, kila mmoja arudi kwake, aziunge vizuri kwa risasi ya kuchomea na kufunika. Fyuzi ikiungua tena hapo hapo kuna shoti mahali, na sehemu za kuanzia kutafuta ni taa ya buti, swichi za milango na waya za alamu kama gari ilifungwa alamu.

Asifanye kinyume chake, yaani kuzifunga zote mbili kwenye moto wa muda wote. Kumbukumbu zitakaa ndio, lakini redio haitalala tena, na ikiwa inakunywa nusu ampia tu usiku na mchana, betri ya ampia-saa 45 itakuwa imeisha nusu ndani ya siku mbili, na kwa asubuhi za baridi za Tukuyu mwalimu utasukuma gari.

Niwaongezee na wengine hapo hapo: kama redio yako inasahau pale tu unapopiga stata asubuhi ila ukizima mchana inakumbuka, hiyo ni kesi nyingine, ni betri. Pima ikiwa imepumzika, iliyojaa inasoma kama volti 12.6, injini ikiwaka mara nyingi inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.4, na ukipiga stata ikishuka chini ya 10 redio nyingi zinajizima na kuanza upya. Watu wa Makambako na Makete mnaijua hiyo baridi, betri iliyochoka inaonekana huko kwanza kuliko Dar.

Na ninawaomba wote, tena kwa dhati: msikubali plagi ya kiwandani ikatwe. Ukitaka kufunga redio nyingine nunua ile plagi ya kuunganishia ambayo upande mmoja inaingia kwenye plagi ya gari na mwingine kwenye redio, zipo madukani Mwanjelwa na kwingine kote wanakouza spea. Plagi ikishakatwa kila fundi anayekuja baadae anabahatisha rangi, na ndo mwanzo wa shida zote ninazojibu hapa.

Kamwene fundi! Mimi ni dada wa Kihesa Iringa, nina Toyota IST. Redio yake inaishia 90 tu, napata stesheni mbili. Nimefungiwa kile kiboksi cha kuongeza stesheni, sa hivi napata nyingi ila namba zimevurugika na ile stesheni ninayoipenda zaidi ndo imepotea kabisa. Kimeharibika?

Kamwene dada. Hakijaharibika, hicho kiboksi, ekspanda, kinafanya kazi yake ila hukuchaguliwa saizi yako.

Ipo hivi. Japani walipanga FM yao kuanzia 76 hadi 90, sisi yetu inaanza 87.5 hadi 108. Redio ya IST ilitengenezwa kwa Wajapani kwa hiyo inasikia kipande kidogo tu cha huku kwetu, kile kati ya 87.5 na 90. Ekspanda inakaa kati ya waya wa antena na redio, inashusha mawimbi kwa kiasi fulani. Ikiwa inashusha 20, stesheni ya 98.5 utaipata kwenye 78.5, na ndo maana namba zimevurugika, ongeza tu 20 kwa unachokiona. Lakini angalia hesabu: redio yako ina nafasi ya megahezi 14, FM yetu ina 20 na nusu, haziwezi kuenea zote. Ya kushusha 20 inakupa vizuri kuanzia 96 kwenda juu, ya kushusha 14 inakupa kati ya 90 na 104. Kwa hiyo kabla ya kununua andika stesheni zako unazosikiliza kila siku na namba zake, ukiona nyingi zipo kati ya 90 na 96 basi ya 20 haikufai, tafuta inayoshusha kidogo. Kiwango kimeandikwa juu ya kiboksi chenyewe.

Hakikisha pia waya wake wa moto umetoka kwenye ACC, afu ethi yake imefungwa kwenye bodi pasipo rangi wala kutu, kwasababu ikikosa ethi inaleta mchakacho kwenye stesheni zote.

Na lingine dada, ukishuka Kitonga redio ikianza kukatika usimlaumu mtu. FM inasafiri karibu mstari ulionyooka, ukiingia kwenye korongo milima inaikinga. Ni vile vile kwa wanaotoka Uyole kwenda Tukuyu, Uporoto na mlima Rungwe vinakaa katikati. Ikikatika ukiwa mjini, eneo tambarare, hapo ndo uangalie antena: ichomoe fimbo yake, sugua kutu chini pale inapokaa, na kwenye gari zenye antena ya kioo angalia kama kile kiampi kidogo cha antena, kinachokuza mawimbi, kinapata moto, bila moto kioo hakisaidii kitu.

Mambo vipi mkuu, nasukuma Noah Mbeya–Tunduma. Redio ikiwa inaimba kuna mlio wiiiii, nikikanyaga mafuta mlio unapanda, nikiachia unashuka. Abiria wananisema.

Poa kaka. Huo mlio unaofuata mafuta kwa kawaida unatoka kwenye alteneta, ile inayochaji betri, unaingia kwenye muziki. Ila anza na kitu cha bure: chomoa chaja ya simu kwenye soketi ya laita. Chaja za bei rahisi zinaleta kelele nyingi sana na gari za abiria zote zinazo, hata mbili mbili. Mlio ukiisha, nunua chaja nyingine, kesi imeisha.

Usipoisha, chomoa jeki ya antena nyuma ya redio huku injini inaunguruma. Mlio ukikatika maana yake unaingilia kwenye antena, angalia ethi ya antena pale ilipofungwa kwenye bodi. Ukibaki unaingilia kwenye moto au ethi ya redio, na mimi ningeanza na ethi, nifunge waya mpya mnene kutoka ethi ya redio mpaka kwenye chuma kilichosuguliwa, afu niangalie waya wa ethi unaotoka betri kwenda bodi na kwenda injini, ule wa injini kwenye Noah za zamani unakuta umeoza ndani ya ganda. Hapo pakiwa safi na mlio bado upo apimwe alteneta, dayodi zikianza kufa hutoa kelele na baadae chaji inashuka, kwa hiyo redio inaweza kuwa imekuonya mapema. Na kama badala ya wiii ni tik tik tik inayoongezeka na mafuta, hizo ni plagi za injini au waya zake, hasa kwenye AM.

Fundi habari za kazi. Nipo Kiwira, mvua huku unazijua. Spika ya mlango wa dereva inakata, nikifungua mlango inarudi, nikifunga inakufa. Mara nyingine inakwaruza.

Salama ndugu yangu. Ikirudi ukifungua mlango ni waya umekatika ndani ya ule mpira unaopitisha waya kati ya mlango na bodi. Mlango wa dereva unafunguliwa kuliko yote, waya zinapinda pale pale miaka na miaka mpaka shaba inakatika huku ganda likiwa zima. Vuta mpira, pindapinda kila waya kwa kidole huku redio inaimba, utaupata. Unganisha kwa kuongeza kipande cha waya laini kidogo usiubane, ukiubana utakatika tena.

Huko kukwaruza naona ni maji. Ndani ya mlango nyuma ya kava kuna nailoni ya kiwandani, mafundi wa vioo huichana wakibadilisha regyuleta ya kupandishia kioo na hawairudishi, basi mvua inayopita kwenye kioo inaingia moja kwa moja kwenye spika ya karatasi. Rudisha nailoni hata kama ni ya kununua dukani, ibandike vizuri chini pande zote.

Kuijua spika kama nzima chomoa plagi yake, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 ya rimoti kwenye pini zake mbili kwa sekunde moja. Nzima inatoa "tup" na karatasi inasogea. Ukiwa na multimita, spika nyingi za kiwandani zinasoma karibu na omu 4. Ikisogea nje, pini iliyogusa chanya ndo chanya, iweke alama, kwasababu ukiifunga spika moja kinyume na nyingine besi inapungua sana na watu wanadhani redio imeisha nguvu. Na tafadhali, ile hasi ya spika isifungwe kwenye bodi ya gari. Kwenye redio za kiwandani za miaka hii waya zote mbili za spika zinatoka ndani kwenye ampi (kikuza sauti), ukigusisha moja na bodi unaweza kuunguza aisii, yaani chipu ya hiyo ampi, na hapo kweli redio itakufa.

Mimi ni mzee wa Njombe. Nina Mark II yenye redio ya kaseti na CD. Kaseti inakula kanda zangu za kwaya, na CD asubuhi inakataa ila mchana inasoma. Vijana wananicheka kwamba nitupe.

Shikamoo mzee wangu. Usitupe, na usiweke tena kanda hata moja mpaka ifunguliwe, hizo kanda hazinunuliki tena.

Kaseti inapokula mara nyingi mkanda wa mpira wa ndani umelegea, ile roda inayokusanya kanda haizunguki kwa nguvu, kanda inatoka upande mmoja haivutwi upande wa pili basi inajisokota kwenye kirola. Fundi wa redio, sio wa gari, aifungue abadilishe mikanda, apime mzunguko wa ule wa zamani kwanza, afu asafishe kichwa na kirola kwa pamba na spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Kichwa kichafu ndo kinafanya sauti iwe nzito kama mtu anaimba ndani ya blanketi. Ikishapona, mzee, mwambie kijana mmoja hapo nyumbani akurekodie kanda zote kwenye kompyuta azihamishie kwenye flashi, maana kanda yenyewe nayo inazeeka hata ukiitunza vipi, na usiziache juu ya dashibodi juani.

Hiyo CD ni baridi ya Njombe tu. Usiku lenzi inapata umande, gari ikipata joto unakauka. Washa hita dakika kadhaa kabla ya kuweka CD. Ikianza kukataa na mchana ndo lenzi isafishwe. Na kama kuna CD iliyochomwa mtaani haisomi kabisa siku yoyote, huenda ni ya MP3, redio nyingi za enzi hizo zinasoma CD za kawaida za muziki tu, achome upya kama CD ya muziki na kwa spidi ndogo.

Bro, Harrier yangu nimefunga redio kubwa ya Android hapa Mbeya mjini, inawaka fresh ila haitoi sauti hata moja. Fundi anasema spika zote zimekufa.

Spika zote hazifi siku moja bro. Gari yako ina uwezekano mkubwa wa kuwa na ampi ya kiwandani, kiboksi kinachokaa chini ya kiti au pembeni ya buti, spika zinaungana na ampi na sio na redio. Ampi inasubiri kuamriwa iwake, redio ya zamani ilikuwa inatuma ule moto, mpya yako inautuma kwa waya wa bluu wenye mstari mweupe ambao nina uhakika umeachwa unaning'inia au umefungwa tepu. Uunganishwe na waya wa kuwashia ampi, na kama sauti itakuja lakini imepasuka, basi sauti kali ya redio mpya inazidi uwezo wa kuingilia wa ampi, tumia plagi maalum ya gari zenye ampi. Usikubali waruke ampi kwa kupitisha waya mpya gari nzima kabla hawajajaribu hili. Na ile redio ya zamani itunze, usiiache gereji.

Fundi, nimenunua Golf ya zamani, nimebadilisha betri, redio inaandika SAFE. Nipo Soweto Mbeya.

Hiyo imejifunga yenyewe, ni ulinzi wa wizi, haijaharibika. Inataka kodi, yaani namba ya siri ya tarakimu nne. Tafuta kadi kwenye vitabu vya gari, au muulize aliyekuuzia, ikikosekana chomoa redio usome namba ndefu iliyobandikwa ubavuni, kwa namba hiyo wakala au fundi mwenye programu anaweza kukutolea kodi. Usibahatishe, ukikosea mara mbili inajifunga kama saa nzima na lazima uiache ikiwa imewashwa muda wote huo ndo ikuruhusu kujaribu tena. Ukishaipata iandike kwenye karatasi uiweke nyumbani pamoja na kadi ya gari, sio kwenye droo ya dashibodi.